Bwana Patterson na Daraja la Tsavo

Mto Tsavo huanzia katika mitelemko ya mlima Kilimanjaro, hupita katika nyika kavu ya Kenya, kisha hukutana na mto Athi. Mito hiyo miwili ikiisha kuungana huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki, nayo humwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Tsavo si mto mkubwa. Mtu wa Ngara aliyeona Kagera ikianguka kwa kishindo penye maporomoko ya Rusumo hangeusifu sana. Lakini haukauki hata wakati wa kiangazi, kwa sababu maji yake hutoka mlimani. Na mvua kubwa ikinyesha hujaa ghafula, ukang'oa miti na kuichukua. Kwa hiyo tangu zamani misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipiga kambi penye kivuko cha Tsavo, watu wakanywa maji na kupumzika. Wapagazi na watumwa waliokuwa wagonjwa, wasioweza kuendelea na safari, mara nyingi waliachwa njiani, wakafa bila kuzikwa. Jambo hili na likumbukwe, maana litasaidia kueleza mengine yatakayofuata.

Mwaka 1896 serikali ya Uingereza ilianza kujenga reli kutoka Mombasa mpaka ziwa la Viktoria. Kabla ya hapo kila mzigo uliokwenda Uganda ulichukuliwa kichwani, na safari ilikuwa ya miezi. Kazi ya reli ilihitaji mikono mingi, basi wakaletwa Wahindi zaidi ya 31,000, wengi wao kutoka nchi ya Punjab, kila mmoja kwa mkataba wa miaka mitatu. Karibu 2,500 kati yao walikufa kabla ya kazi kwisha, wengi kwa magonjwa. Reli ilifika ziwani mahali panapoitwa Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Tangu hapo kahawa na ngozi za Bukoba zilivushwa ziwani kwa meli mpaka Kisumu, zikapakiwa katika gari la moshi, zikaenda Mombasa. Hivyo daraja la Tsavo, ijapokuwa ni mbali sana na Biharamulo na Bisibo, lilibeba pia mali ya watu wa magharibi ya ziwa.

John Henry Patterson alizaliwa Ireland tarehe 10 Novemba 1867. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba tu alipoingia katika jeshi la Uingereza. Akapelekwa Bara Hindi, akakaa huko miaka mingi, akajifunza lugha ya Kihindustani mpaka akaisema vizuri, akajifunza na kuwinda chui wenye milia. Elimu hizo mbili, ya lugha na ya bunduki, zilikuja kumfaa kuliko alivyodhani.

Alishuka Mombasa mwanzo wa mwezi wa Machi 1898. Baada ya siku chache akapewa amri ya kwenda Tsavo, maili 132 kutoka pwani, ili ajenge daraja la kudumu juu ya mto. Wakati huo wajenzi wa reli walikuwa wamekwisha kuvuka kwa daraja la muda, wakiendelea mbele upesi wasicheleweshe kazi. Daraja la muda halikuweza kustahimili maji ya masika miaka mingi. Lilitakiwa daraja lenye nguzo za mawe ndani ya mto, na juu yake mihimili ya chuma ambayo gari la moshi lingepita salama na mizigo yake yote. Kazi hiyo ndiyo aliyotumwa, wala hakutumwa kupigana na simba.

Siku chache tu baada ya kufika kwake aliambiwa ya kuwa mtu mmoja au wawili wamechukuliwa na simba usiku. Hakusadiki. Alidhani kwamba wameuawa na wenzao wabaya kwa ajili ya fedha zao, maana walikuwa wafanya kazi wazuri na kila mmoja alikuwa amejiwekea akiba. Basi akanyamaza. Lakini majuma machache baadaye aliamshwa asubuhi na mapema, akaambiwa ya kuwa jemadari wake Ungan Singh amechukuliwa. Jemadari katika kazi ya reli ni msimamizi wa kundi la vibarua, wala si mkuu wa vita. Huyu Ungan Singh alikuwa Kalasinga mwenye nguvu nyingi, naye alilala katika hema moja na wenzake kadha wa kadha. Usiku wa manane simba aliingiza kichwa chake mlangoni pa hema, akamkamata kooni, akamvuta nje mbele ya macho yao. Patterson akafuata nyayo mchangani, akaona mwenyewe yaliyobaki. Tangu siku hiyo hakutia shaka tena.

Walikuwa simba wawili madume, wakubwa sana, wasio na yale manyoya marefu shingoni ambayo simba dume huwa nayo. Waliwinda pamoja. Hapo mwanzo hofu haikuwa kubwa mno, kwa kuwa maelfu ya watu walikuwa wamepiga kambi Tsavo, na kila mtu alijituliza moyo kwamba katika watu wengi hivi zamu yake haitafika. Lakini wajenzi wa reli walipoendelea mbele, wakabaki watu mia chache tu wa kazi ya daraja, hesabu ikawa nyingine. Wakajenga maboma ya miiba kuzunguka kambi, marefu na manene, wakakoka moto usiku kucha, na mlinzi mmoja akagonga madebe ili kuwatisha simba. Hayo yote hayakusaidia kitu. Simba walipenya katika miiba, au waliruka juu yake, wakamchukua mtu na kutoka naye kwa njia ile ile.

Patterson alikesha juu ya mti usiku baada ya usiku, bunduki mkononi. Akilinda kambi hii, kilio husikika katika kambi ile, nusu maili mbali. Hata hospitali haikuachwa. Mara moja mtu wa hospitali alichukuliwa. Hospitali ikahamishwa mahali pengine, na boma lake likafanywa imara zaidi. Patterson akaketi usiku katika hospitali ya zamani, akidhani ya kuwa simba watarudi mahali walipozoea. Walikwenda hospitali mpya, wakamchukua mtu huko. Haishangazi kwamba watu wengi walianza kusema kuwa hawa si simba, bali ni pepo katika umbo la simba, wenye hasira kwa sababu reli inapita katika nchi yao. Mtu akipigwa na jambo asiloweza kulizuia, hutafuta neno la kuliitia.

Patterson alitengeneza pia mtego mkubwa wa vyuma vya reli na minyororo, kama chumba chenye sehemu mbili. Katika sehemu moja simba angeingia, na mlango ungeanguka nyuma yake. Katika sehemu nyingine waliketi askari wa Kihindi wenye bunduki, wakilindwa na vyuma katikati. Simba mmoja akaingia kweli, mlango ukaanguka. Askari, ambao simba alikuwa mbele yao hatua chache, walishikwa na hofu, wakapiga risasi ovyo huku na huku. Hakuna iliyompata simba vizuri, bali moja ilivunja chuma cha mlango, naye akatoka akaenda zake.

Wakati huo wote kazi ya daraja iliendelea, nayo ilikuwa na taabu zake. Taabu ya kwanza ilikuwa mawe. Nchi ya Tsavo imejaa miamba, lakini ni migumu mno, haichongeki ila kwa gharama nyingi. Patterson alizunguka siku nyingi katika miiba akitafuta mawe yanayofaa, akaanza kukata tamaa. Ndipo siku moja alipokwenda kuwinda kanga pamoja na daktari wa kazi ya reli. Alipiga goti moja ukingoni mwa korongo, akingoja ndege waruke. Kanga aliruka, akamkosa. Lakini goti lake lilihisi ugumu chini yake. Akafukua majani na kutazama, kumbe ukingo wote wa korongo lile ulikuwa wa jiwe zuri la kuchonga, aina ile ile aliyoihangaikia. Wakatandaza njia nyembamba ya toroli kutoka machimboni mpaka darajani, na kwa kuwa njia hiyo ilibidi kuvuka mto mahali pawili, wakajenga na vidaraja viwili vidogo kwa ajili ya toroli.

Taabu ya pili ilitoka kwa watu. Waashi walipata rupia 45 kwa mwezi, na makuli wa kazi ya kawaida rupia 12. Tofauti hiyo kubwa iliwafanya watu wengi wajiite waashi ambao hawakupata kushika tindo maishani mwao. Patterson alipoona mawe yanaharibiwa, akabadili desturi: kila mtu alipwe kwa kadiri ya kazi anayoitimiza, na kiasi hicho akakipanga ili mwashi hodari aweze kupata rupia zake 45, na asiye mwashi apate karibu na ujira wa kuli. Basi wale wasiojua kazi, ambao ndio walikuwa wengi, wakakasirika sana. Mwezi wa Septemba walikusanyika usiku wakafanya shauri la kumwua katika machimbo, na mwili wake wautupe porini, kisha waseme ya kuwa ameliwa na simba. Nani angewabishia, katika mahali kama Tsavo?

Mtu mmoja alimwendea kwa siri akamwonya. Patterson hakukaa kambini. Siku ya pili yake alikwenda machimboni kama kawaida. Korongo lilikuwa jembamba, watu wakamzunguka kwa nyundo na mitaimbo. Mmoja akamrukia, yeye akamsukuma kando. Kisha akaruka juu ya jabali, akaanza kusema nao kwa Kihindustani. Akawaambia ya kuwa shauri lao analijua lote. Ya kuwa wakimwua, serikali haitadanganyika kwa habari za simba, na wengi wao watanyongwa. Ya kuwa anajua wamepotoshwa na watu wachache tu. Na ya kuwa asiyetaka kazi aweza kurudi Mombasa. Mwisho akawataka walio radhi kufanya kazi wainue mikono. Mikono yote ikainuliwa. Baadaye viongozi wa fitina walikamatwa, wakapelekwa Mombasa kuhukumiwa.

Habari hizo twazijua kwa kalamu ya Patterson peke yake. Waashi hawakuandika kitabu. Walikuwa mbali na kwao kwa mkataba wa miaka mitatu, wakilala kila usiku bila kujua nani ataamka, na pengine maneno yao nao yalikuwa na uzito, kama yangesikilizwa. Hata hivyo ushujaa wa mtu anayesimama peke yake juu ya jabali mbele ya watu waliokusudia kumwua hauwezi kukanwa.

Simba walikuwa wamepungua kwa miezi kadha, kisha wakarudi wakali kuliko kwanza. Tarehe 1 Desemba 1898 subira ya watu ikaisha. Wafanya kazi walikuja kwa Patterson wakamwambia ya kuwa wametoka Bara Hindi kufanya kazi ya serikali, wala hawakuja kuwa chakula cha simba. Gari la moshi lilipokaribia, mamia yao walijilaza juu ya reli mbele yake mpaka likasimama; wakatupa mizigo yao ndani, wakapanda, wakakimbilia pwani. Kazi ya daraja ikasimama muda wa majuma matatu. Wachache waliobaki walilala juu ya matangi ya maji, juu ya mapaa na juu ya miti. Usiku mmoja watu wengi mno walipanda mti mmoja, mti ukaanguka kwa kishindo, nao wakaanguka karibu na simba. Waliokoka kwa sababu simba walikuwa wamekwisha kumkamata mtu mwingine. Wengine walichimba mashimo ndani ya mahema, wakajifunika kwa magogo mazito.

Siku zile zile alifika Bwana Whitehead, mkuu wa wilaya, kuja kusaidia. Alishuka katika gari la moshi usiku, akatembea kwenda kambini pamoja na askari wake Abdullah aliyeshika taa. Njiani simba akawarukia, akampasua Whitehead mgongo kwa kucha zake. Whitehead akapiga bunduki, simba akamwacha, akamkamata Abdullah akaenda naye. Abdullah alikufa.

Asubuhi ya tarehe 9 Desemba simba mmoja alionekana karibu na kambi, akila punda aliyemwua. Patterson akamwendea na bunduki kubwa aliyoazimwa na mkuu wa polisi, akawaamuru watu wampigie madebe kutoka upande wa pili. Simba akatoka kichakani, akasimama mbele yake kwa hatua chache. Patterson akafyatua; bunduki haikulia. Alishikwa na mshangao hata akasahau kwamba mtutu wa pili unayo risasi, mpaka simba alipokuwa akigeuka. Wanajeshi husema bunduki ya kuazima huaibisha, na siku hiyo ilikuwa hivyo.

Lakini mzoga wa punda ulikuwa haujaliwa sana. Patterson akaagiza ujengwe ulingo wa miti minne karibu yake, urefu wa futi kumi na mbili hivi, na juu yake ubao mmoja wa kukalia. Jua lilipokuchwa akapanda peke yake. Simba alikuja, lakini hakumjali punda. Alianza kuuzunguka ulingo polepole gizani, akimnyemelea mtu. Alizunguka hivyo muda wa saa mbili. Ulingo ulikuwa dhaifu, na simba angalipenda kuruka angaliweza. Ghafula kitu kikampiga Patterson kisogoni, karibu aanguke kwa hofu, akidhani simba amekwisha kumfikia. Alikuwa bundi, aliyemdhania kuwa tawi la mti akataka kutua. Watu wengi huhesabu bundi kuwa ndege wa nuksi. Usiku ule hakuleta nuksi kwa mtu. Simba alisogea, Patterson akaona umbo lake hafifu vichakani, akapiga. Mngurumo ukatokea, kisha mruko na mvunjiko wa miti, kisha kimya. Kulipokucha walimwona amekufa. Urefu wake tangu pua hata ncha ya mkia ulikuwa futi tisa na inchi nane, na watu wanane walihitajiwa kumchukua kambini.

Simba wa pili aliishi siku ishirini zaidi. Usiku mmoja Patterson alimjeruhi, na asubuhi ya tarehe 29 Desemba akafuata damu yake pamoja na Mahina, mchukuzi wake wa bunduki. Walipomfikia, simba akawaendea mbio. Patterson akampiga, akaanguka, akainuka tena, akaja. Akanyosha mkono nyuma apewe bunduki ya pili, hakupewa: Mahina alikuwa amekwisha kupanda mti pamoja na bunduki yenyewe. Patterson naye akapanda mbio. Mguu mmoja wa simba ulikuwa umevunjwa na risasi, na kwa sababu hiyo tu hakumfikia. Akiwa mtini akapokea bunduki kwa Mahina, akapiga, simba akalala. Patterson akafanya upumbavu wa kushuka mara moja, simba akaruka tena. Zikahitajiwa risasi mbili nyingine.

Habari zilienea upesi, na waliokimbia wakarudi kazini. Tarehe 30 Januari 1899 wafanya kazi walimpa Patterson bakuli la fedha lenye maandiko ya kumshukuru, na mmoja wao akatunga shairi refu kwa Kihindustani juu ya habari za simba. Miongoni mwa waliotoa fedha zao kununua bakuli bila shaka walikuwamo waliosimama na nyundo katika korongo.

Sasa daraja liliweza kumalizwa. Nguzo za mawe zilikuwa tayari, ikabaki kulaza mihimili ya chuma, nayo ilikuwa mizito sana. Hapakuwa na mashine ya kunyanyulia. Patterson akatumia mataruma, yaani yale magogo mafupi yanayolazwa chini ya vyuma vya reli. Akayapanga moja juu ya jingine, mawili huku na mawili hivi, mpaka yakawa nguzo za muda kati ya nguzo za mawe. Juu yake akalaza boriti ndefu na njia ya reli, wakausogeza mhimili kwa magurudumu mpaka ukafika mahali pake, wakauinua kidogo kwa jeki, wakaondoa boriti, wakaushusha taratibu juu ya mawe. Kisha wakahamisha mataruma wakaanza upya mbele. Daraja likamalizika mwanzo wa Februari 1899.

Haukupita muda mrefu likajaribiwa. Mvua kubwa ilinyesha, mto ukapanda mbele ya macho ya watu, maji mekundu yakaja na miti mizima. Kile kidaraja cha toroli cha juu kikang'olewa, kikachukuliwa na maji, kikapiga cha pili, na vyote viwili, vyuma na magogo vikiwa vimezongana, vikaja kwa nguvu kuelekea daraja kubwa. Patterson alisimama akitazama. Mabaki yakapiga nguzo za mawe kwa mshindo mkubwa, yakapasuka, yakapita huku na huku chini ya mihimili, yakaenda zake. Nguzo hazikutikisika.

Mwezi wa Mei 1899 reli ilifika Nairobi, na mwaka huo huo Patterson akatoka Afrika ya Mashariki. Akapigana katika vita vya Afrika ya Kusini, akapewa nishani. Mwaka 1907 kitabu chake juu ya simba wa Tsavo kilichapishwa London, kikasomwa katika nchi nyingi, naye akawa mtu mashuhuri. Mwaka ule ule alirudi Kenya kuwa mwangalizi wa wanyama wa pori, akakaa mpaka 1909. Ngozi za wale simba wawili alizitandika chini nyumbani kwake muda wa miaka ishirini na mitano, kisha mwaka 1924 akaziuza pamoja na mafuvu kwa jumba la makumbusho la Field katika mji wa Chicago, Marekani, kwa dola 5,000. Mafundi wakazijaza zikapata tena umbo la simba, na hata leo watu huzitazama huko.

Je, simba hao waliua watu wangapi? Katika kitabu chake cha 1907 Patterson alitaja Wahindi 28, na zaidi yao Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuwekwa. Baadaye, alipowaandikia watu wa Chicago, alisema 135. Mwaka 2009 wataalamu walipima mifupa na manyoya ya simba hao, maana chakula anachokula mnyama huacha alama mwilini mwake. Wakakadiria ya kuwa walikula watu 35 hivi, mmoja akiwa amekula zaidi ya mwenzake. Lakini waliouawa wasiliwe hawawezi kupimwa kwa njia hiyo. Mhindi aliyekufa alikuwa na jina katika daftari ya reli, kwa kuwa alikuwa na mkataba na mshahara. Mwafrika aliyechukuliwa katika kijiji chake, au mpagazi aliyekuwa akipita njia, hakuandikwa popote, na kwa sababu hiyo hesabu ya kweli haitapatikana kamwe.

Wataalamu walieleza na sababu nyingine. Simba wa kwanza alikuwa na jino kubwa lililovunjika na kuoza mzizi wake, hata ikawa shida kwake kukamata nyati au punda milia. Tena katika miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa ule ule uliomaliza ng'ombe wa Karagwe na Rwanda, ulikuwa umeua nyati na ng'ombe wengi wa Kenya. Na karibu na kivuko cha Tsavo, kwa miaka mingi, simba walikuwa wamekuta maiti za watu wa misafara. Mwaka 2024 wataalamu wengine walichunguza vipande vya nywele vilivyonaswa katika meno yao, wakakuta za twiga, za punda milia, za nyumbu, za choroa, za kuro, na za binadamu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Patterson alikabidhiwa mwaka 1915 kikosi cha Wayahudi waliokuwa wamefukuzwa Palestina na Waturuki, wakakimbilia Misri. Kikosi hicho kilichukua maji, chakula na risasi kwa nyumbu wa mizigo mpaka mstari wa mbele huko Gallipoli. Baadaye aliongoza kikosi kingine cha Wayahudi katika vita vya Palestina. Maofisa wengi wa jeshi waliwadharau askari wake. Yeye aliwatetea waziwazi, na inasemekana kwamba utetezi huo ulimzuia kupandishwa cheo. Alitoka jeshini mwaka 1920.

Mwanawe Bryan Patterson hakufuata bunduki. Alifanya kazi katika jumba lile lile la Chicago lenye simba wa baba yake, akawa mtaalamu wa mifupa ya kale. Mwaka 1965 alifika Kanapoi, kaskazini ya Kenya, karibu na ziwa Turkana, akaokota huko kipande cha mfupa wa mkono, chenye umri wa miaka zaidi ya milioni nne, cha jamii ya viumbe waliotangulia wanadamu.

John Henry Patterson alikufa California tarehe 18 Juni 1947, akiwa na umri wa miaka 79. Alikuwa ametaka azikwe karibu na wale askari aliowaongoza. Haikufanyika upesi. Mwezi wa Desemba 2014, miaka sitini na saba baada ya kufa kwake, majivu yake na ya mkewe yalichukuliwa mpaka kijiji cha Avihayil katika Israeli, kilichoanzishwa na askari wa kikosi chake, yakazikwa hapo.